Pesa ya kufufua mtaa: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu sheria za federali Marekani

Nimekuwa mkalimani kwenye vikao vya mji kwa miaka kadhaa sasa na maswali ni yale yale, kikaoni, msikitini, kanisani, kwenye grupu za WhatsApp, mpaka dukani mtu akiwa anapimiwa unga wa muhogo. Nimeyakusanya hapa. Yanaanzia yale mepesi mpaka yale ya kuumiza kichwa, kwa hiyo kama una haraka ruka uende kwenye swali lako, na kama jambo nimeshalieleza mahali pengine nitakupa namba tu.

Kitu kimoja cha lugha kabla hatujaanza: neno kodi linachanganya sana. Hapa nikisema kodi ni ile ya serikali, ya nyumba nitaiita pango. Na nikisema federali ni serikali kuu ya Marekani.

## Ya mwanzo kabisa

1. Watu wanasema "kuna pesa ya kufufua mtaa". Ni pesa gani hiyo?

Si mfuko mmoja. Ni sheria nyingi ambazo Kongresi imepitisha kwa nyakati tofauti na kila moja ina mlango wake. Kuna zinazoleta pesa taslimu kwenye mji, kuna zinazompunguzia kodi mwenye mtaji akiwekeza sehemu maskini, na kuna zinazoibana benki ikopeshe pale pale inapokusanya akiba za watu. Ukizichanganya utazunguka ofisi mwezi mzima na kila ofisi itakwambia si hapa.

Kwa kifupi ziko hivi. Mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, ilipita sheria iliyounda EDA, idara ya maendeleo ya uchumi chini ya Wizara ya Biashara, na mwaka huo huo ikaundwa tume ya milima ya Appalachia, ARC, ambayo leo inahudumia kaunti 423 kwenye majimbo 13. Mwaka 1974 Gerald Ford akasaini sheria ya nyumba na maendeleo ya jamii, hiyo ndo iliyozaa CDBG, ruzuku ambayo miji inapata kila mwaka kupitia HUD, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. 1977 ikaja CRA, ya mabenki. 1994 mfuko wa CDFI, wa wakopeshaji wanaowafikia wale ambao benki inawapita (swali la 12). 2000 punguzo la kodi liitwalo NMTC, la wanaowekeza sehemu maskini (swali la 14). 2017 kanda za fursa (swali la 13). Ukinibana nikwambie moja ya kuijua vizuri nitakwambia CDBG, kwa sababu ndo inayogusa barabara unayotembea, na ndo ambayo sauti yako ina nguvu ndani yake kisheria (swali la 6).

2. Kwani serikali kuu inaingiaje kwenye mambo ya mtaa wangu?

Kwa sababu mitaa hii mingi haikufa yenyewe. Miaka ya 1930 shirika la federali la mikopo ya nyumba lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa daraja, kuanzia A ya salama kukopesha mpaka D ya hatari, na ile ya D ikapakwa rangi nyekundu. Penye watu weusi, penye wahamiaji, mara nyingi palikuwa pekundu. Serikali yenyewe pia ikawa haidhamini mikopo ya nyumba kwenye mitaa ya namna hiyo, benki nazo zikakwepa, na nyumba isiyokopesheka haitengenezwi paa wala haipakwi rangi. Miaka arobaini ya hivyo na mtaa unachakaa hata kama wakaazi wake ni wachapakazi kiasi gani.

Halafu kuna miji ya viwanda, hiyo ni hadithi nyingine. Mji mzima ulikuwa unaishi kwa kinu kimoja cha pamba au kiwanda kimoja cha viatu, kinu kikafungwa, vijana wakaondoka, na mji ukabaki na mabomba ya maji ya watu elfu hamsini huku walipa kodi wakiwa nusu yake. Mji wa hivyo hauwezi kujiinua kwa mapato yake wenyewe, hata meya awe malaika. Ndo hapo sheria ya federali inapoingia. Na sisi tunahusika moja kwa moja, kwa sababu wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, wengi tumepelekwa au tumehamia kwenye miji ya aina hii, ambako pango lilikuwa nafuu kwa sababu watu walishaondoka.

3. Sheria ikishapita pesa si inakuja yenyewe kila mwaka?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuna hatua mbili. Sheria inaunda mpango na kuupa masharti, halafu kila mwaka Kongresi inakaa tena kupanga bajeti na kusema mpango huu mwaka huu utapata kiasi gani. Mwaka wa fedha wa federali unaanza Oktoba 1, bajeti ikichelewa, na inachelewa mara nyingi, mji wako nao unachelewa kujua utapata ngapi.

Mfano mzuri ni CDBG yenyewe. Bajeti aliyopendekeza Rais kwa mwaka 2018 ilitaka ifutwe kabisa, sifuri. Kongresi ikakataa ikaweka zaidi ya dola bilioni 3.3. Ila usifurahi sana, mwaka 2001 ilikuwa zaidi ya bilioni 4, na kilo ya misumari ya 2001 si bei ya leo. Kwa hiyo mji unaofanya kazi ile ile unaifanya kwa pesa pungufu kila mwaka, jambo ambalo mimi naona ni dhuluma ya kimyakimya, kwa sababu hakuna kura inayopigwa waziwazi kuipunguza, inaachwa tu iliwe na bei.

## CDBG: pesa inayofika mjini kwako

4. Nitajuaje kama mji wangu unaipata?

Mji ukiwa na watu 50,000 au zaidi, au ukiwa ndo mji kiini wa eneo lake la takwimu, yaani jiji na vitongoji vyake vinavyohesabiwa pamoja, unapata moja kwa moja kutoka HUD kwa fomula. Kaunti kubwa za watu 200,000 na zaidi nazo hivyo hivyo. Kama uko mji mdogo au kijijini, pesa inapita kwa jimbo na mji wako unaomba kwa ushindani. Mgao ni asilimia 70 kwa miji na kaunti kubwa, 30 kwa majimbo.

Njia rahisi: piga simu manispaa, uliza ofisi inayoshughulika na maendeleo ya jamii, uliza "mpango wa mwaka" wa CDBG uko wapi. Ni hati ya umma, hawawezi kukunyima.

5. Inaruhusiwa kufanya nini na hairuhusiwi nini?

Inaweza kutengeneza njia za miguu, mifereji, taa za barabarani, viwanja vya watoto, kukarabati nyumba za watu wa kipato cha chini, kuondoa rangi ya zamani yenye madini ya risasi, kusaidia biashara ndogo, kununua na kubomoa majengo yaliyooza, kulipia huduma kama mafunzo ya kazi au malezi ya watoto. Huduma lakini zina dari, asilimia 15 tu. Utawala na mipango dari ni asilimia 20. Haiwezi kujenga ofisi za serikali, wala kutumika kwa siasa.

Sharti kubwa ni hili: angalau asilimia 70 ya matumizi lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, maana yake wale ambao kipato cha familia hakizidi asilimia 80 ya kile cha katikati kwa eneo hilo. Familia nyingi zetu zimo humo. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo pesa si ya watu kama nyinyi, amekosea, ilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi na namba zetu za sensa ndo zinazoufanya mji uhesabiwe kuwa unastahili. Jaza sensa.

6. Nani anaamua iende mtaa gani?

Halmashauri ya mji ndo inapiga kura, lakini kabla ya kura sheria inataka mambo ambayo wengi hatuyajui. Mji lazima uwe na mpango mkubwa wa miaka mitatu mpaka mitano na mpango mdogo wa kila mwaka. Lazima ufanye vikao vya wananchi angalau viwili kwa mwaka. Rasimu ya mpango lazima iwekwe wazi kwa siku 30 watu watoe maoni. Na maoni yale, hata yaliyokataliwa, lazima yafupishwe na kuambatanishwa na mpango unaokwenda HUD, pamoja na sababu kwa nini yamekataliwa. Soma hiyo tena. Ukiandika karatasi moja ukaipeleka ndani ya zile siku 30, mji unalazimika kuijibu kimaandishi mbele ya serikali kuu. Ukilalamika mtaani hakuna anayelazimika chochote.

Miji mingi mwaka wao wa miradi unaanza Julai 1, kwa hiyo vikao vinakuwa katikati ya baridi na mwanzo wa machipuko, jioni, wakati watu wako shifti ya pili au wanapika. Mwaka mmoja nilikalimani kikao kwenye mji ambao sitautaja, chumba kina viti kama arobaini, tulikuwa tisa, wanne kati yetu ni wafanyakazi wa mji. Ramani kubwa imetandazwa mezani. Mama mmoja wa Bukavu, mtoto mgongoni, hakuhutubia, alisogea tu akaweka kidole kwenye kona ya barabara mbili akasema hapa, watoto wakitoka shule wanashuka barabarani kwenye magari kwa sababu njia ya miguu imepasuka na theluji ikianguka ndo haipitiki kabisa. Afisa akauliza kuanzia nyumba namba ngapi mpaka ngapi. Mama akataja, anaijua kila nyumba. Afisa akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya ramani pale pale. Mwaka uliofuata zege jipya lilimwagwa kona ile, na mtaa wa pili yake, ambao njia yake ilikuwa mbovu zaidi lakini hakuna aliyekuja kuusema, uko vile vile mpaka leo.

7. Mimi sio raia, na Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Naruhusiwa kusema?

Unaruhusiwa. Kutoa maoni si kupiga kura, mkaazi yeyote anasema na hakuna anayeuliza makaratasi mlangoni. Kuhusu lugha, kanuni za HUD zinataka mji ueleze utafanyaje kuwashirikisha wasiojua Kiingereza pale wanapotarajiwa kuwa wengi. Kwa hiyo omba mkalimani mapema, kimaandishi, wiki moja au mbili kabla. Ukija siku ya kikao ukadai mkalimani utaambiwa hatukujua. Na usimlete mtoto wako wa miaka kumi kutafsiri mambo ya bajeti, si haki kwake na atakosea tarakimu.

8. Kuna mji wowote ambako watu wetu walishiriki kweli ukaona matokeo?

Lewiston, jimbo la Maine. Ni mji wa vinu vya pamba kwenye mto Androscoggin, watu wake wa zamani wengi ni wajukuu wa Wafaransa wa Quebec waliokuja kufanya kazi vinuni. Vinu vikafa. Kuanzia 2001 wakaanza kuja Wasomali, baadaye watu wa Kongo, Angola, Burundi, Rwanda, Djibouti, na Kiswahili sasa unakisikia barabarani kule. Maduka matupu ya Lisbon Street yakaanza kufunguliwa na wahamiaji.

Nyuma ya hapo kuna mtaa unaoitwa Tree Streets kwa sababu barabara zake zina majina ya miti, nyumba za mbao za ghorofa tatu za miaka mia, na rangi yenye risasi iliyokuwa inawaumiza watoto vibaya sana. Risasi ikimwingia mtoto inaharibu ubongo na haitoki, ndo maana nalitaja hili mara kwa mara. Wakaazi, wazee wa zamani na wageni pamoja, walikaa miaka wakipanga mtaa wautakaje, kwanza kwa ruzuku ndogo ya mipango ya HUD, na mwaka 2021 HUD ikawapa dola milioni 30 kupitia mpango wake wa mitaa wa Choice Neighborhoods. Hiyo si CDBG, ni ya ushindani, lakini hawakuishinda kwa barua nzuri ya meya tu. Waliingia na mpango ambao watu wa mtaa wenyewe waliutengeneza.

## Duka na biashara

9. Naweza kupewa ruzuku ya federali nianzishe biashara yangu?

Jibu la moja kwa moja: karibu kila mara hapana. Serikali kuu haigawi pesa za bure kwa mtu binafsi kufungua duka. Inaupa mji au shirika, na hao ndo wanaweza kuwa na mpango wa kusaidia biashara ndogo kwa mikopo nafuu, mafunzo, au ruzuku ndogo. CDBG inaitambua biashara yenye wafanyakazi watano au pungufu, mwenye biashara akiwa mmoja wao, na inaruhusu mji umsaidie mtu wa hivyo. Masharti ya hadhi ya uhamiaji yanatofautiana mpango kwa mpango, uliza kabla ya kujaza fomu, usidanganye kwenye fomu ya federali hata kwa neno moja.

Kama umepigiwa simu ukaambiwa umeshapangiwa pesa, nenda swali la 17 kabla hujafanya kitu.

10. Mji unasema utanirudishia gharama za kutengeneza sura ya mbele ya duka. Nianze?

USIANZE. Subiri barua.

Hili limeniuma kwa hiyo nalieleza taratibu. Mama mmoja ninayemfahamu, anauza vitenge, dagaa na simu, alikubaliwa kwa mdomo kwamba duka lake litaingia kwenye mpango wa kutengeneza vioo na kibao. Akafurahi. Kibao kilikuwa kimechanika, herufi mbili zimedondoka, akaona bora akiagize kabla ya Krismasi wateja wakiwa wengi. Akalipa fundi. Barua ikaja Februari na ikasema gharama zilizofanyika kabla ya mapitio ya mazingira kukamilika hazirudishwi. Mapitio ya mazingira ya kibao! Ndiyo, pesa yoyote ya HUD, hata ya kioo, lazima mji ufanye ukaguzi wa mazingira kwanza, kama jengo ni la kihistoria, kama liko eneo la mafuriko na kadhalika, na ukishaingia mkataba au kununua kabla ya hapo unajikosesha. Afisa hakuwa na ubaya, lakini hakuna mtu aliyemwambia mama yule kitu hicho kwa lugha anayoielewa, na pesa ile ilikuwa ya mzigo wa miezi miwili.

La pili, mipango hii mingi ni ya kurudishiwa, yaani unalipa wewe kwanza halafu unadai. Kama huna pesa ya kutanguliza sema mapema, kuna miji inayokubali kumlipa fundi moja kwa moja.

11. Benki imeninyima mkopo. Ile sheria ya CRA hainisaidii?

Inasaidia mtaa, haikusaidii wewe peke yako. CRA ya 1977 haiilazimishi benki impe fulani mkopo. Inawataka wakaguzi waiangalie benki kama inakidhi mahitaji ya mikopo ya eneo lote inalohudumia, pamoja na sehemu za kipato cha chini, halafu inapewa alama moja kati ya nne, kuanzia bora sana mpaka mbaya kabisa. Benki ikitaka kuungana na nyingine au kufungua tawi, alama hiyo inaangaliwa. Na kila benki ina faili la umma la CRA ambalo unaweza kuomba kulisoma, barua za wananchi zinawekwa humo. Chama cha wafanyabiashara kikiandika barua moja nzuri yenye mifano kumi, inasomwa na mkaguzi.

Kinachokusaidia wewe binafsi ni sheria nyingine, ya usawa wa mikopo ya 1974. Benki ina siku 30 baada ya ombi lililokamilika kukupa jibu, na ukinyimwa una haki ya kujua sababu. Idai kimaandishi.

12. CDFI ni nini, na vipi kama dini yangu hainiruhusu riba?

CDFI ni mkopeshaji ambaye kazi yake hasa ni kuwafikia wale ambao benki inawapita. Sheria ya 1994, iliyosainiwa na Bill Clinton, ilianzisha mfuko ndani ya Hazina wa kuwaongezea mtaji. Nchi nzima wapo zaidi ya elfu moja, baadhi ni vyama vya akiba na mikopo, baadhi ni mifuko ya mikopo. Wanakaa na wewe kuandika mahesabu, na wengi hawaishii kwenye alama yako ya mkopo.

Kuhusu riba, zipo njia. Minneapolis, kwenye jamii kubwa ya Wasomali, mji ulishirikiana na shirika la African Development Center kutoa mtaji kwa mtindo ambao faida inakubaliwa mwanzoni badala ya riba kupanda kila mwezi. Uliza CDFI ya kwenu kama wana kitu kama hicho, na kama hawana waambie wengine wamefanya.

## Punguzo la kodi

13. Naambiwa mtaa wetu ni "kanda ya fursa". Tutapata pesa?

Hakuna pesa inayokuja mtaani kwa jina hilo. Ni hivi: mtu ameuza hisa au jengo akapata faida, badala ya kulipa kodi ya faida sasa hivi anaiweka kwenye mfuko unaowekeza ndani ya kanda, kodi ile inasogezwa mbele, na akikaa na uwekezaji huo miaka 10 faida mpya iliyozaliwa humo haitozwi kodi ya federali. Sheria ni ya Desemba 2017 na zilipitishwa kanda 8,764, zilizopendekezwa na magavana.

Julai 4, 2025 ilisainiwa sheria mpya iliyoufanya mpango huu kuwa wa kudumu. Magavana wanaanza kupendekeza upya kuanzia Julai 1, 2026 na kanda mpya zinaanza Januari 1, 2027, safari hii kipimo cha umaskini ni kikali zaidi, vijijini wamepewa nyongeza, na mifuko inatakiwa kutoa taarifa, kitu ambacho sheria ya kwanza haikudai ipasavyo.

Maoni yangu: mpango huu unamfuata mwenye faida, haumfuati mwenye shida. Pesa nyingi za awamu ya kwanza zilikwenda kwenye majengo, tena kwenye kanda chache ambazo tayari zilikuwa zinapanda. Ukisikia mtaa wenu umo, swali la kumuuliza mwekezaji si kama atajenga, ni pango litakuwa kiasi gani na maduka ya chini atawapa nani.

14. NMTC na lile punguzo la majengo ya kihistoria je?

Hayo ni ya miradi mikubwa, nitapita haraka. NMTC inampa mwekezaji punguzo la kodi la asilimia 39 ya alichowekeza kwa miaka 7, asilimia 5 kwa mwaka miaka mitatu ya kwanza na 6 miaka minne inayobaki. Lilifanywa la kudumu 2025, dola bilioni 5 kwa mwaka. La kihistoria ni asilimia 20 ya gharama za ukarabati, jengo likiwa la kuingiza kipato na ukarabati ukifuata masharti ya kuhifadhi sura yake. Vinu vingi vya zamani unavyoviona vimegeuzwa apatimenti vimepitia humo. Jumuiya yetu ikitaka kununua jengo la zamani la kukutania, tafuta mhasibu anayeyajua haya kabla ya kusaini, si baada.

## Mambo magumu

15. Mradi unakuja, landlodi ameniambia nihame. Nina haki gani?

Kwanza jua kama mradi una pesa ya federali. Landlodi akiuza tu kwa hiari yake kwa mtu binafsi bila pesa hiyo, unabaki na sheria za jimbo lako. Kama pesa ya federali imo, kuna sheria ya 1970 ya watu wanaohamishwa, na ina meno: notisi ya maandishi ya siku 90, msaada wa kutafuta mahali, gharama za kuhamisha vitu, na kwa mpangaji aliyekaa siku 90 au zaidi tofauti ya pango kwa miezi 42. Duka nalo linalipwa gharama za kuhama.

Sasa mtego. Ukihama mapema, kabla hujapewa notisi rasmi, kwa hofu au kwa sababu landlodi amekwambia "wahi", unaweza kupoteza kila kitu. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa adabu tu, hawataki ugomvi. Usihame, omba karatasi. Jambo jingine, tangu 1997 sheria inataka anayelipwa awe yupo nchini kihalali, ila kuna nafasi kama kumnyima kutaleta dhiki kubwa isiyo ya kawaida kwa mume, mke, mzazi au mtoto wake ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu kihalali. Hapo tafuta wakili wa msaada wa sheria, usijisemee mwenyewe.

16. Wanaweza kuninyang'anya nyumba yangu kwa jina la maendeleo?

Kwa fidia, ndiyo, sehemu nyingine. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kesi ya Kelo na mji wa New London, Connecticut, kwamba mji unaweza kutwaa nyumba za watu kwa mpango wa kukuza uchumi. Nyumba zikaondoka. Kampuni ya Pfizer, ambayo kituo chake jirani ndo kilikuwa kichocheo cha mpango ule, mwaka 2009 ikatangaza inaondoka, na kiwanja kikakaa kitupu miaka na miaka. Baada ya hasira ile majimbo zaidi ya 40 yalibadilisha sheria zao, kwa hiyo jibu lako linategemea jimbo. Vyovyote iwavyo, una haki ya fidia ya haki na hulazimiki kukubali bei ya kwanza.

17. Nimetumiwa ujumbe kwamba serikali imenipangia dola elfu kadhaa, nilipe ada kidogo kwanza.

Ni wizi. Serikali haikutafuti WhatsApp, na haitozi ada ili ikupe ruzuku. Hata shirika linalojisajili kwenye mfumo wa federali wa SAM.gov linajisajili bure.

18. Mradi wa federali unajengwa mtaani kwetu na vijana wetu hawajaajiriwa. Kuna la kufanya?

Lipo. Kifungu cha 3 cha sheria ya nyumba ya 1968 kinataka miradi ya HUD inayozidi dola 200,000 ilenge angalau robo ya saa za kazi ziende kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na sehemu yake kwa wale wa jirani na mradi. Na wakishaajiriwa, sheria ya Davis-Bacon ya 1931 inataka mikataba ya ujenzi ya zaidi ya dola 2,000 ilipe mshahara uliopangwa kwa kazi hiyo katika eneo hilo, kila wiki. Ukarabati wa jengo lenye makazi chini ya 8 kwa pesa ya CDBG hauingii humo kwenye Davis-Bacon. Karatasi ya mishahara lazima ibandikwe pale sait. Mwambie kijana aipige picha siku ya kwanza, alinganishe na cheki yake.

19. Zile pesa za korona bado zipo?

Dola bilioni 350 za sheria ya Machi 2021 zilizokwenda kwa majimbo, miji na makabila ya wenyeji asilia wa Marekani zilitakiwa ziwe zimeshapangiwa kazi kwa mkataba kufikia Desemba 31, 2024 na mwisho wa kuzitumia ni Desemba 31, 2026. Kwa hiyo hakuna ombi jipya la kupeleka.

20. Tuliahidiwa kiwanja cha watoto, pesa imetumika, kiwanja hakuna. Tuanzie wapi?

Anzia kwenye ripoti. Kila mji wa CDBG unatoa ripoti ya mwaka iitwayo CAPER, inaonyesha kila mradi na kila dola, na kabla haijaenda HUD inawekwa wazi kwa siku 15. Tafuta jina la mradi wenu humo. Mara nyingine utakuta pesa haikuibwa, ilihamishiwa mradi mwingine, na mabadiliko makubwa ya namna hiyo nayo yalitakiwa kutangazwa kwa wananchi kwanza, kwa hiyo uliza tangazo lilitolewa lini na kwa lugha gani.

Halafu andika malalamiko, karatasi moja: jina la mradi, namba yake kwenye ripoti, mlichoahidiwa, mlichokiona, tarehe. Kanuni inataka mji ujibu kwa maandishi, ikiwezekana ndani ya siku 15 za kazi. Usipojibiwa peleka nakala ofisi ya HUD ya eneo lenu, na kama unashuku wizi kabisa, kwa mkaguzi mkuu wa HUD. Weka picha ya mahali penyewe, na gazeti la siku hiyo au kitu chochote chenye tarehe mkononi mwa anayepigwa picha.